Matundu ya Bakuli: Siku Sita Makaburini, Kunduchi Hadi Tongoni

Siku ya kwanza, Jumatano. Kunduchi

Safari hii ilianza kwa ugomvi wa saruji. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, binamu yangu alipendekeza tuchange tukajengee makaburi ya kwetu, kijijini kule mbele ya Tongoni ukielekea Pangani. Mifuko kumi na mitano, marumaru nyeupe, majina na tarehe. Watu wakaitikia kwa dole gumba. Shangazi akasema kujengea kaburi hakufai, maiti haongezewi kitu na marumaru. Binamu akamjibu kwamba kaburi la babu halijulikani tena lilipo, je, hilo ndilo linalofaa? Hapo mjomba, fundi muashi aliyeacha kazi kwa sababu ya magoti, akatuma sauti ya sekunde nane: "Msiguse jiwe mpaka nifike. Na kabla sijafika nataka nikawaone waliojengewa."

Waliojengewa anaowasema ni wenye makaburi ya nguzo, yale ya zamani ya pwani. Nikaomba likizo, nikampitia Mbagala alfajiri. Alikuwa na mkoba mmoja wa mgongoni, kofia, na tindo aliyoifunga kwenye kitambaa. Nilimuuliza tindo ya nini. Akasema, "Mzee hatembei bila fimbo."

Kunduchi watu wanaijua kwa samaki, hoteli na machimbo ya mawe. Ukitaja magofu, konda anakutazama mara mbili. Tulishuka Mtongani tukachukua bajaji. Magofu yamejificha kwenye mibuyu: msikiti wa karne ya 15 au ya 16, umebaki kuta na kibla, ile sehemu ya ukuta inayoonyesha upande wa Makka, na makaburi yameuzunguka, mengi yakiwa ya baadaye, ya karne ya 18 hivi.

Kwa ambaye hajaliona, kaburi la nguzo liko hivi: ukuta mfupi wa mawe ya matumbawe umezunguka kaburi kama kitanda chenye kingo, na upande mmoja imesimama nguzo, ya pembe nne, ya pembe nane au ya mviringo, nyingine imepita kimo cha mtu mara mbili. Yapo tangu Somalia ya kusini, Lamu, Mambrui na Malindi hadi huku kwetu. Nguzo na kuta zilipambwa kwa mabakuli na sahani za kauri za Uchina, zilizosafiri kwa majahazi, zikapachikwa chokaa ikiwa bado mbichi. Mwingereza Mortimer Wheeler, mtaalamu wa mambo ya kale, alipopita pwani hii mwaka 1955 alisema kwamba tangu karne ya 10 historia ya Tanganyika iliyozikwa ardhini imeandikwa kwa kauri ya Kichina.

Basi mwandiko wenyewe umefutwa sana. Yamebaki matundu ya duara, kama macho yaliyong'olewa. Mjomba alitia vidole kwenye moja, akazungusha polepole.

"Hili halikuanguka. Bakuli likivunjika lenyewe huacha kitako ndani ya chokaa. Hapa wamechokonoa, tena kwa haraka, wameumiza ukingo."

Nilimwambia kuna sheria, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na kwamba hata kabla ya Uhuru, tangu 1937, palikuwa na amri ya kulinda majengo kama haya. Kitu chochote kilichotengenezwa na mkono wa mtu kabla ya 1863 huwezi kukiondoa ukaenda nacho. Akaniuliza: "Na sheria inakaa hapa usiku?"

Siku ya pili, Alhamisi. Kaole

Bagamoyo tulifika usiku, asubuhi tukapanda bodaboda mbili, kilomita tano hivi kusini mpaka Kaole. Kabla ya Bagamoyo kuwa Bagamoyo, mji ulikuwa hapa. Jahazi zilitia nanga mbele ya msikiti. Kisha mikoko ikala bandari, tope likajaa, wafanyabiashara wakahamia pale penye ufuo wazi. Leo ukisimama magofuni, bahari huioni, unaisikia tu kwa mbali nyuma ya mikoko.

Ipo misikiti miwili na makaburi kama thelathini. Msikiti wa zamani zaidi unahesabiwa kuwa wa karne ya 13, miongoni mwa ya kwanza kabisa upande huu wa bara. Neville Chittick, mtaalamu mwingine wa mambo ya kale, alichimba hapa mwaka 1958. Mwongoza wageni, kijana mpole mwenye kanzu fupi, alitupa haya yote kwa pumzi moja kama mtu anayesoma risala, halafu akatulia alipoona mjomba amepiga magoti mbele ya ukuta na hasikilizi.

Alichokiona ni kiraka. Miaka mingi iliyopita mtu alitengeneza ufa kwa saruji. Kiraka kipo, kigumu, cha kijivu, hakina hata mkwaruzo. Jiwe lililokizunguka ndilo limekuwa unga. Ukiligusa linaanguka kama sukari guru.

Nitajaribu kuyaandika aliyosema, kwa sababu ndiyo yaliyonifanya nianze kuandika shajara hii. Jiwe la matumbawe lina matundu, linanywa maji ya mvua na chumvi ya bahari. Chokaa ya kuchoma nayo ina matundu, ni laini kuliko jiwe. Ukuta ukilowa, maji yanatokea kwenye chokaa, na chumvi ikitaka kuvunja kitu inavunja chokaa. Baada ya miaka unapaka nyingine, jiwe limesalimika. Saruji haipitishi. Maji yakikuta mlango umefungwa yanageukia jiwe, yanakauka humo, chumvi inavimba humo, na jiwe ndilo linalokufa. "Chokaa inakubali kufa kabla ya jiwe," alisema. "Saruji inataka ibaki peke yake."

Zamani wao walichoma chokaa kwa kupanga magogo duara, matumbawe juu, moto unawaka siku nzima na zaidi. Ikishapoa inaachwa inyeshewe, inakaa. Fundi mwenye haraka hapati chokaa nzuri. Mapambo ya kibla na ya kaburi yalichongwa kwa tumbawe lililotolewa baharini likiwa bichi, kwa kuwa likiwa na maji linakatika kama muhogo na likikauka linakuwa jiwe. Yule kijana mwongozaji alitoa daftari akaanza kuandika.

Kisha tukaenda kwenye nguzo ndefu. Hii nayo ilikuwa na mabakuli, ya kijani kibichi kilichopauka, na sasa yanatunzwa Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam. Hapa hayakuibwa, yalihamishwa yasiibwe. Matundu yanafanana. Nikisema kweli, sikujua nifurahi au nihuzunike. Bakuli lililo kabatini Dar limepona, ila halimsindikizi mtu tena.

Kaburi la Sharifa ni habari nyingine. Nguzo yake si ndefu kuliko za wenzake. Lakini pale chini palikuwa na majivu ya ubani ya karibuni, sarafu na chupa ya marashi iliyobaki nusu. Watu wanakuja na haja zao: mtoto hapatikani, mume haonekani, kesi haiishi. Shangazi angekasirika, na wapo masheikh wengi ambao wangemuunga mkono. Mjomba hakutoa sarafu, alisoma Fatiha basi. Lakini alinionyesha kitu: lile eneo limefagiliwa. Si na mfanyakazi, na wenye haja. Mizizi haijapata nafasi pale.

Kuna pia kisima kinachosemwa hakikauki, na mbuyu mkubwa ambao ukiuzunguka unaongeza umri. Mjomba alikataa kuuzunguka kwa ajili ya magoti. "Niongeze siku za kuumwa?" Mimi niliuzunguka mara moja, nikiwa nimejifanya napiga picha.

Siku ya tatu, Ijumaa. Bagamoyo mjini

Asubuhi kabla ya sala tulipita makaburi ya Wajerumani, karibu na bahari. Ni madogo, kama ishirini, yamepakwa chokaa nyeupe, yamefyekwa, kila moja na jina. Ni ya waliokufa kuanzia 1889, wakati wa vita vya Abushiri na miaka michache baadaye. Abushiri bin Salim mwenyewe alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Mjomba ni wa upande ule, alisoma majina ya kila jiwe kwa sauti, akiyavunjavunja kwa matamshi ya kwetu, bila kejeli wala heshima ya kupita kiasi. Alipomaliza akasema kazi ya chokaa ni safi.

Misheni nako kuna makaburi ya masista na ya mapadri wa Roho Mtakatifu, waliofungua kituo mwaka 1868. Ukisoma tarehe unaona wengi walikufa vijana, homa ikiwamaliza. Mwili wa Livingstone ulilala hapo Februari 1874 ukisubiri meli, baada ya Chuma na Susi na wenzao kuubeba tangu ndani ya bara. Wenzao wengi wa msafara ule hawana jiwe popote. Hatukukaa sana, adhana iliita.

Jioni binamu alituma picha ya marumaru. Zilikuwa na maua ya waridi.

Siku ya nne, Jumamosi. Njiani

Bagamoyo hadi Msata, Msata hadi Segera, Segera hadi Tanga. Pancha moja, Mkata. Machungwa ya Muheza, dirishani, mfuko mzima. Mjomba alilala kuanzia Segera akaamka alipoona mkonge.

Siku ya tano, Jumapili. Tongoni

Kabla ya kwenda, mjomba alinipeleka soko la Mgandini. Nilidhani anatafuta dawa ya magoti. Akaingia kwenye vyombo, akachagua bakuli la bati lililopakwa kauri, jeupe lenye maua ya buluu ukingoni, akabishana bei kama anayenunua nyumba. Nikadhani ni zawadi ya mke wa mwenyeji wetu. Akalitia mkobani.

Tongoni ni kijiji cha wavuvi, kilomita kama ishirini kusini mwa mji kwa barabara ya Pangani. Jina lenyewe linakwambia: tongo ni mahame, mahali palipohamwa. Wa kwetu nasi tulisikia tangu utoto kwamba waliowahi kuja kukaa hapa kutoka Kilwa walipaita Sitahabu, yaani afadhali hapa kuliko kule. Wareno walipajua kama Mtangata. Aprili 1498 moja ya meli za Vasco da Gama, São Rafael, ilikwama kwenye mafungu mbele ya pwani hii, ikajinasua. Januari 1499 wakirudi kutoka India, mabaharia wamekufa kwa maradhi na waliobaki hawatoshi meli tatu, wakaichoma moto hapohapo. Nilimsimulia mzee anayelinda magofu. Akasema anajua, na kwamba watoto wa shule huulizwa swali hilo kila mwaka, lakini hakuna anayewauliza walioko kaburini walikuwa akina nani.

Ni swali gumu. Makaburi ni kama arobaini, na zaidi ya ishirini yalikuwa na nguzo: hakuna mahali pengine pwani yote penye nguzo nyingi namna hii pamoja. Mji mdogo kiasi hiki, na wafu wake wakasimamishiwa minara. Majina hayapo. Karne ya 19 wasafiri walikuta hapa kigae chenye maandishi ya Kiajemi kwenye kaburi moja. Richard Burton alikiandika baada ya kupita mwaka 1857. Kwa makaburi mengine jina lilikuwa vinywani mwa watu, watu wakahama, jina likahama nao.

Nguzo nyingi zimelala. Nyingine imekatika magongo matatu, yamelala kwa mstari kama ilivyoanguka, kila gongo na tundu lake. Zilizosimama zimeinama huku na huku. Mihimili ya msikiti imebaki visiki, kibla kipo, kimeelekea kaskazini kama makaburi yote yanavyoelekeza wenyewe kwa ubavu wa kulia. Mjomba alipima kwa kiganja, akasema wale mafundi hawakukosea qibla hata kwa upana wa kidole. Sidhani kiganja kinaweza kujua hivyo, lakini sikubisha.

Tulikaa pale kuanzia saa tatu mpaka alasiri. Mzee mlinzi alituonyesha maadui wake mmoja mmoja. Mti ule, mbegu yake inaletwa na ndege, inaota juu ya ukuta, mzizi unaingia kwenye chokaa laini na kunenepa. Ukiung'oa ghafla unang'oa ukuta, kwa hiyo yeye hukata shina na kuacha mzizi ufe taratibu. Mbuzi, wanaopenda kusimama juu ya vitu. Vijana wa kuchonga majina. Bahari, ambayo alisema ilikuwa mbali zaidi alipokuwa mtoto. Na wageni wa mabakuli, ambao siku hizi hawana cha kuchukua. "Hao wametuacha," alisema, "kwa vile wamemaliza."

Nilimuuliza mjomba, je, hizi zilizolala zisimamishwe? Nilitegemea fundi aseme ndiyo. Alikaa kimya akimenya chungwa.

"Ukiisimamisha lazima uitie chuma ndani na saruji chini. Itasimama. Halafu itakuwa nguzo yangu, si yao. Mimi ningefyeka, ningeziba nyufa kwa chokaa maji yasiingie, ningewaacha waliolala walale."

Mzee mlinzi alisema wapo wataalamu waliowahi kuja wakasema karibu na hayo, kwa maneno marefu zaidi.

Nilibaki na jambo moja linalonisumbua. Kunduchi, Kaole, Tongoni: mabakuli ndiyo yaliyowaletea balaa. Kaburi lisilo na kauri hakuna aliyelichokonoa. Tajiri alipamba ili akumbukwe, na pambo ndilo lililomleta mwizi na tindo. Nikamwambia mjomba. Akatikisa kichwa, si kukubali wala kukataa, akasema tuondoke kabla ya giza, kwetu ni mbele.

Siku ya sita, Jumatatu. Kwetu

Nilikuwa sijafika makaburini kwetu tangu arobaini ya mama mdogo. Hakuna ukuta wala bango. Ni kichaka nyuma ya minazi, na usipojua utadhani shamba limeachwa. Tulitoa salamu kwa waliolala, tukaanza kufyeka, mimi, mjomba, na vijana wawili wa jirani. Panga linafyeka kwa mkono wa juu, usilishushe chini, kuna mashahidi. Mashahidi wa kwetu ni mawe tu ya matumbawe, moja kichwani moja miguuni, mengine yamezama mpaka unayagundua kwa kidole cha mguu.

Kufikia saa nne tulikuwa tumepata mashahidi kumi na tisa na hakuna aliyejua jiwe lipi ni la nani. Binamu alipiga simu ya video. Nikamzungushia. Akasema, "Umeona? Ndiyo maana nasema tuandike." Nikamwelewa. Baada ya Tongoni sikuwa na jibu la kumpa, kwa kweli, kwani Tongoni nao walisahaulika na nguzo zao juu.

Kisha mmoja wa vijana akasema hapa pana takataka. Ilikuwa bakuli la bati, limezama nusu kwenye udongo kichwani pa kaburi, kauri imebanduka, kutu imekula ukingo. Alitaka kulitupa kichakani. Mjomba alimzuia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Alikaa chini kabisa, magoti na yote. Akalichimbua pembeni kwa ile tindo, polepole kama mtu anayetoa mwiba, akalipangusa kwa kofia. Maua yalikuwa ya buluu. Katikati ya kitako palikuwa na tundu dogo, la mviringo, limetobolewa kutoka ndani kwenda nje.

"Hili la mama," alisema. "Bibi yako. Alikuwa akilia uji ndani ya hili. Tulipomzika, baba alinipa msumari na jiwe, akaniambia toboa. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nililia, nikidhani ananiadhibu."

"Kwa nini alitobolewa, bakuli?" aliuliza yule kijana, na hakuna aliyemcheka.

"Lisiibwe. Nani atachukua bakuli linalovuja?"

Nilifikiria matundu ya Kunduchi na ya Kaole. Mjomba naye nadhani alikuwa huko huko, kwa sababu alilitazama lile tundu juani muda mrefu, akalizungusha, mwanga ukapita kwenye uso wake kama sarafu. Kisha akalirudisha mahali pake palepale, akalizamisha kama lilivyokuwa.

Babu aliomba azikwe nyuma ya mgongo wa bibi, upande wa kusini, hilo ukoo wote unalijua. Ila bibi ndiye aliyekuwa hajulikani alipo. Mjomba alipima hatua mbili kutoka kwenye bakuli, akaniambia nichimbue kwa mkono chini ya mizizi ya mkorosho mchanga. Shahidi wa kichwa alikuwa kina cha kiganja. Wa miguu tulimpata baadaye, amelala.

Binamu alikuwa bado kwenye simu, tulikuwa tumemsahau juu ya kisiki, anaangalia majani ya minazi. Akauliza kimetokea nini, na kama alipie saruji leo, kwani duka linafunga.

"Mwambie saruji aache," alisema mjomba. "Atume za chokaa, mifuko miwili, na nauli aje mwenyewe na panga."

Akafungua mkoba akatoa bakuli la Mgandini, bado lina karatasi ya duka, akaliweka juu ya goti, akanigeukia.

"Nitafutie msumari."